Mjomba anauliza viazi vyangu vitaleta nini

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 23, nasoma mwaka wa tatu wa shahada ya sayansi kwenye chuo kimoja hapa Mbeya, na nimepanga chumba Uyole. Ada inalipwa na Bodi ya Mikopo, lakini pango na chakula nasaidiwa na mjomba wangu mwenye duka la pembejeo Mwanjelwa. Mama anauza viazi kwa ndoo sokoni. Baba hatunaye tena.

Muhula huu kila mmoja wetu lazima awasilishe ripoti ya utafiti katikati ya Julai. Mimi nilichagua viazi mbegu. Nilisoma kwamba mbegu ikihifadhiwa kwenye mwanga hafifu hutoa machipukizi mafupi, manene, ya kijani, na ikikaa gizani hutoa marefu meupe yanayokatika ovyo. Mama na wenzake huweka mbegu kwenye magunia, halafu ukifika wakati wa kupanda wanalalamika. Nikasema ngoja nipime.

Mwanzoni mwa Aprili nilinunua viazi 120 vya aina ya Kikondo, ukubwa wa yai la kuku. Nikaviandika namba kwa maka peni, nikapima kimoja kimoja kwa mizani ya jikoni. Sitini niliviweka kwenye gunia chini ya kitanda, sitini nikavipanga kibarazani kwenye trei tatu za mbao, ishirini ishirini. Kila Jumapili napima.

Hii ni wiki ya nne na mambo yamekwenda mrama. Mtoto wa mama mwenye nyumba alichukua viazi 11 kutoka trei ya pili, wakavipika, na wakalalamika kwamba ni vichungu! Vitatu vya kwenye gunia vimeoza. Baya zaidi, vya kibarazani ndivyo vilivyopungua uzito kuliko vya gizani, wakati mimi nilitarajia kinyume chake. Kwa mfano kiazi namba 27 cha kibarazani kilikuwa gramu 58, Jumapili iliyopita kilikuwa 54. Nilimpelekea msimamizi wangu, akaangalia dakika mbili, akasema "sampuli yako ina shida," kisha akaitwa kwenye kikao.

Wenzangu wananiambia nirekebishe namba zikae sawa. Wengine wananielekeza kwa kaka mmoja wa stesheneri ambaye kwa shilingi 150,000 anakuandalia ripoti nzima pamoja na majedwali. Wanasema wote wananunua.

Na mjomba naye: "Unapima viazi? Mama yako anaviuza bila kuvipima na ndivyo vilivyokukuza. Hivyo vyako vitaleta nini?" Anataka niwe dukani kila mchana, Jumatatu mpaka Jumamosi. Hajasema wazi, lakini nikikataa naona suala la pango litayumba.

Ninayekaa naye chumba kimoja anasoma fasihi. Amerekodi nyimbo za harusi za Kinyakyusa kule Tukuyu anataka kuzitungia tamthilia. Kwao wanamwambia anacheza. Usiku tunakaa wawili tunaulizana kama hatujapotea njia.

Niendelee, ninunue, au niombe mada nyepesi? Na kweli, utafiti wa mtu wa shahada ya kwanza unamsaidia nani, kama mimi sina mpango wa kuwa mhadhiri?

Mwenye Viazi, Uyole

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, maana ina data ndani yake.

Umeniletea mambo matatu yamefungwa kwenye furushi moja. Kuna jaribio lililoingia dosari, kuna mjomba anayekushikia pango, na kuna swali la kama kazi yenyewe inafaa jasho lake. Nadhani yanakuelemea kwa sababu unayabeba yote kwa mkupuo mmoja. Tuyafungue, tuanze na viazi, kwa kuwa ndivyo visivyo na hasira.

Unasema data imeharibika. Hebu tutenganishe. Viazi 11 vilivyopikwa na vitatu vilivyooza si hasara ya aina moja. Vile 11 viliondoka kwa sababu isiyohusiana na mwanga wala giza. Mtoto alivuta vilivyokuwa karibu na mkono. Kwa kuwa uliandika namba na uzito wa kila kimoja (hapo umewazidi wengi), viazi 9 vilivyobaki kwenye trei ile bado vina uzito wao wa mwanzo, na vinaweza kuendelea kupimwa. Andika tu kwenye daftari: tarehe, trei ya 2, viazi 11 vimetolewa na mtu, namba hizi na hizi. Usijaze nafasi zao kwa kukisia. Vile vitatu vilivyooza ni habari tofauti kabisa. Vimeoza ndani ya gunia, mahali pasipo hewa, na uozo ni sehemu ya jibu lako. Ukivifuta kana kwamba havikuwapo, gunia litaonekana zuri kuliko lilivyo.

Sasa uzito. Namba 27 imepoteza gramu 4 kati ya 58, yaani asilimia 6.9. Umeshtuka kwamba vya kibarazani vinapungua zaidi. Lakini jiulize kibaraza kina nini kingine zaidi ya mwanga. Kina upepo, na Mei ya Mbeya mvua ikishakata hewa inakauka. Kiazi kilicho wazi kinapoteza maji kupitia ganda lake. Ndani ya gunia unyevu unabaki pale pale, na huo huo ndio uliokuozeshea vitatu. Halafu ni wiki ya nne tu. Machipukizi marefu ya gizani yakishatoka, nayo hunyonya akiba na kupitisha maji mengi, na mwendo wa upungufu unaweza kugeuka. Inawezekana ulisoma habari za mwisho wa hifadhi, ukazilinganisha na vipimo vya mwanzo.

Kwa hiyo anayekwambia urekebishe namba zikae sawa, muulize: sawa na nini?

Hapa nitachepuka kidogo, kwa sababu kisa chenyewe kilipita Iringa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa inaisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa bila kuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Sekondari ya Mkwawa, Iringa, pale ambapo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, alimuuliza mgeni aliyekuja kuhadhiri, Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, na darasa likacheka. Osborne aliporudi Dar alimwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na jibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 makala ikachapishwa kwenye jarida la fizikia ikiwa na majina ya wote wawili. Na ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima tena kwa makini, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Kuna mabishano mpaka leo kwa sababu kijana yule alisema alichokiona, si kilichotarajiwa.

Turudi Uyole. Msimamizi wako alisema sampuli ina shida, na nadhani nalijua alilokusudia, ingawa alipaswa akae akueleze. Wewe unaona una viazi 60 gizani na 60 kwenye mwanga. Mtu wa takwimu anaona gunia moja na kibaraza kimoja. Viazi vyote vya gunia vinashiriki joto lile lile, unyevu ule ule, bahati ile ile. Kimoja kikioza jirani yake anaambukizwa. Hivyo si marudio 60, yaani majaribio 60 yanayojitegemea. Ni rudio moja lenye viazi 60. Tena mwanga wako umefungamana na upepo na joto la nje, na giza limefungamana na gunia na joto la chumbani. Ukiona tofauti, huwezi kujua ni ya nani.

Hilo linarekebishika, na halihitaji maabara. Tafuta maboksi 8 yanayolingana, kama yale ya sabuni au biskuti. Weka viazi 15 kila boksi, jumla 120. Kwa ukubwa wa vyako hiyo ni kama kilo 6 hadi 7 tu. Yapange yote kwenye rafu moja, chumba kimoja chenye dirisha, mahali jua lisipopiga moja kwa moja. Manne funika kwa kitambaa cheusi kizito, ukiacha matundu ya hewa ubavuni yaliyokingwa yasipitishe mwanga. Manne acha wazi. Nani afunikwe na nani akae wapi, amua kwa kura ya vikaratasi, si kwa jicho. Tundika vipimajoto viwili, kimoja ndani ya boksi lililofunikwa. Chagua viazi ambavyo macho yameanza kufumbuka, kwa sababu kiazi kilichotoka shambani juzi huwa bado kimelala, wakati mwingine miezi miwili hadi mitatu, na baridi ya Juni huku kwetu inarefusha usingizi huo. Ukianza na vilivyolala fofofo utafika Julai ukipima macho.

Mizani yako ya jikoni inasoma gramu moja moja. Kwenye kiazi cha gramu 58, gramu moja ni karibu asilimia 1.7, kwa hiyo badiliko la wiki moja linaweza kuwa ni mizani tu inayumba. Pima boksi zima la viazi 15 kwa pamoja, ambavyo ni zaidi ya gramu 800, na kosa la gramu moja litakuwa dogo sana. Kila Jumapili kabla ya kuanza, weka juu ya mizani pakiti ile ile ya chumvi ambayo haijafunguliwa. Ikibadilika uzito, tatizo ni la mizani. Kiazi kikioza kitoe, kipime, kiandike. Urefu wa chipukizi refu kuliko yote kwenye kila kiazi upime kwa rula, kwa milimita, na idadi ya machipukizi uhesabu. Mwishoni utakuwa na wastani wa boksi 8, manne kwa manne, na hizo namba 8 ndizo za kupeleka kwenye hesabu ya kulinganisha. Jaribio la zamani usilitupe. Linaingia kwenye ripoti kama la majaribio ya awali, pamoja na makosa yake.

Muda sasa. Una kama wiki kumi. Moja ya kuandaa, sita za kupima, tatu za kuandika. Kupima viazi 120 kwa rula ni karibu saa mbili, mara moja kwa wiki. Hesabu hiyo ndiyo ningependa mjomba aione, kwa sababu sidhani anajua. Huenda anadhani utafiti ni kitu kinachokula siku nzima, sawa na wewe unavyodhani duka litakula muhula mzima.

Kuhusu yeye, nakuomba usiharakishe kumweka upande wa maadui. Swali lake, vitaleta nini, limekaa kama dhihaka, lakini ni swali la mtu anayelipa. Na anauza pembejeo: wakulima wanamuuliza habari za mbegu kila siku. Umewahi kumwonyesha chipukizi la gizani na la kwenye mwanga, ukaviweka viwili mezani kwake? Unaweza kumwomba dukani siku tatu badala ya sita. Unaweza kukubali zote sita kwa sharti kwamba Jumapili ni yako. Unaweza kumtanguliza mama akaongee naye kwanza, maana kaka na dada wana lugha yao. Kila njia ina hatari yake. Siku tatu zinaweza kumuudhi. Sita zinaweza kukuachia nguvu za kupima lakini si za kuandika, na kuandika ndiko kunakowaangusha wengi: wana data, hawana ripoti. Mama naye anaweza kuwa upande wa mjomba. Unawajua kuliko mimi.

Ripoti ya shilingi 150,000. Unasema wote wananunua. Umewahesabu? Uliowasikia ni watatu au wanne, tena ni wale wanaotaka uwe mwenzao; sampuli hiyo nayo ina shida. Kinachoharibika huko ni hiki: ripoti moja huuzwa kwa zaidi ya mtu mmoja, na programu za kulinganisha maandishi zinazikutanisha. Msimamizi huomba daftari la data ghafi na mnunuzi hana. Siku ya kutetea ripoti, swali la kwanza huwa jepesi tu, kwa nini ulichagua idadi hii, na mtu anaangalia dari. Adhabu zimo kwenye kanuni za mitihani za chuo chako, zisome mwenyewe kabla ya kuamua. Na hata asiyekamatwa hubaki hana cha kusimulia.

Kubadili mada nalo linawezekana. Mahojiano na wauzaji wa mbegu, kwa mfano, hayaozi. Ila yanataka barua ya utambulisho ya chuo, kupita halmashauri, kata hadi kwa mtendaji wa kijiji, na dodoso lililojaribiwa kwanza kwa watu wachache. Wiki mbili au tatu zinaishia kwenye karatasi. Na utaanza upya wakati huku tayari unajua makosa yako yako wapi.

Inamsaidia nani? Sitakudanganya kwamba ripoti nzuri inaleta ajira. Wapo wenye ripoti nzuri wanaozunguka na bahasha. Mwenye kampuni ya mbegu, au shirika linalotafuta wakusanya takwimu, au hata mwenye duka, akikuuliza umewahi kufanya nini, utaweza kusema: nilipanga jaribio, nikakosea hivi, nikagundua kwa sababu hii, nikalipanga upya. Hiyo huwezi kuinunua stesheneri. Kuna jingine dogo lenye uzito. Ukiomba shahada ya pili au ufadhili utatakiwa barua za wahadhiri wanaokufahamu, na mhadhiri mwenye wanafunzi mamia anamkumbuka aliyemletea daftari lenye tarehe. Na wewe mwenyewe mwanzoni mwa Aprili hukujua gunia linafanya nini kwa kiazi. Sasa unajua kitu ambacho mama yako, mwenye miaka yote hiyo sokoni, hajawahi kukipima. (Siyo kwamba hajui. Muulize anavyochagua mbegu. Utapata sura nzima ya utangulizi.)

Mwenzako wa nyimbo mwambie hachezi. Saa moja ya kurekodi humla mtu saa nne hadi sita za kuandika neno kwa neno, na hapo bado tafsiri na kuuliza msamiati wa zamani. Ahakikishe walioimba wanajua nyimbo zao zinaenda jukwaani na wamekubali, ikibidi kwa kurekodi idhini yao mwanzoni mwa sauti. Nakala aweke mbili, moja nje ya simu. Simu zinaibiwa Kabwe kila siku.

Kwa msimamizi usiende tena na swali la jumla. Nenda na karatasi moja: mchoro wa rafu na maboksi 8, jedwali tupu la kujazia, na maswali mawili tu, idadi ya marudio na muda wa kupima. Mwenye kikao anaweza kujibu hayo akiwa amesimama mlangoni. Muulize pia, kwa adabu, kama data ikija kutumika kwenye chapisho jina lako litakaa wapi. Ni rahisi kuliuliza sasa kuliko baadaye. Kama hapatikani kabisa, kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole, ni majirani zako, na wataalamu wa viazi wapo pale. Barua ya chuo mkononi, hodi mlangoni.

Uamuzi ni wako, na ukiniandikia mwezi Julai kwamba ulichagua duka, nitaisoma barua hiyo kwa moyo ule ule.

Ila leo hii, kabla hujafanya lolote, nenda kwa mama mwenye nyumba. Ule uchungu walioulalamikia ni sumu inayojijenga kwenye kiazi kikikaa kwenye mwanga, na kukichemsha hakuiondoi. Mwombe radhi, mweleze kwamba kiazi cha kijani hakiliwi, na zile trei za kibarazani ziinue juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.